Kompyuta ya Kamina Iliyokuwa Ikikata Majina

Kamina, Novemba 1999

Kwako Yaya Mbuyu, dada yangu mkubwa, pamoja na Mama na wote wa nyumbani Katuba, Lubumbashi,

Nawasalimu wote kwa jina la Bwana, kuanzia aliye kitandani hadi aliye jikoni. Mguu wa Mama unaendeleaje? Zile dawa nilizotuma na mke wa pasta zilifika, au zimekwama njiani kama kila kitu siku hizi? Mimi huku ni mzima. Malaria ilinipitia mwezi wa tisa, ikakaa siku nne, ikaondoka. Nimekonda kidogo, lakini usimwambie Mama hivyo. Mwambie nimerefuka.

Barua yako niliipata Jumatano, kutoka mkononi mwa rubani wa ndege ndogo ya kanisa. Niliisoma nimesimama palepale uwanjani, halafu nikaisoma tena nimeketi. Unasema watu waliofika Lubumbashi kutoka huku wanasimulia kwamba Odette, binti wa Katuba, daktilo, mpiga taipu wa ofisi ya kanisa Kamina, anakata majina ya wakimbizi kwenye orodha ya chakula na kuwauzia wengine nafasi zao. Unasema Mama aliyasikia hayo mlangoni mwa kanisa mbele ya wenzake. Unasema umeongea na rubani, ataniwekea nafasi safari ijayo, nirudi nyumbani kabla jina letu halijachafuka kabisa.

Yaya, niliumia. Wewe una haki ya kuniuliza, ulinilea mgongoni. Niliumia kwa sababu Mama aliyasikia akiwa peke yake, na mimi sikuwapo kujibu. Kwenye foni nisingeweza kukueleza. Unaijua mwenyewe hiyo redio ya kanisa: ukikohoa Kamina, Kolwezi wanakutumia dawa. Kwa hiyo nitaandika kila kitu humu, na pale nilipokosa nitaandika pia. Tafuta kiti, maana si fupi.

Unakumbuka nilikuja hapa kupiga barua za pasta mkuu kwa mashine ya kuandika. Vita vilipoanza, barua zikapungua, watu wakaongezeka. Mwaka huu wamefika wengi kutoka kaskazini, wengine kwa baiskeli, wengi kwa miguu, wakipitia Malemba-Nkulu na vitanda vyao kichwani. Wanalala madarasani, kwenye hangari la kanisa, na katika nyumba za wenyeji wenye moyo. Kuna shirika linaloleta unga, maharage na mafuta, lakini wagawaji wake wana sharti moja: hawampi mtu kitu kama jina lake haliko kwenye karatasi iliyotoka kwenye printa na kupigwa muhuri wa ofisi. Daftari la mkono hawalitazami. Kwa hiyo mimi huandika watu kwenye daftari wanapofika, kisha nayaingiza majina kwenye kompyuta, nayapanga kwa alfabeti, natoa karatasi.

Kompyuta yenyewe ni zawadi ya marafiki wa kanisa wa ng'ambo. Ilifika kwenye sanduku, na katika ofisi nzima hakuna aliyejua hata mahali pa kuiwashia. Hapo ndipo miaka yangu mitatu katika duka la fundi Lwamba ikanifaa. Mama alikuwa akisema nakwenda kumfagilia fundi bure. Nilifagia, ndiyo, lakini macho yangu hayakuwa chini. Nilimwona akifungua na kufunga kompyuta za mji mzima, na siku aliyonipa bisibisi mkononi nilijua pa kuanzia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye shina la mambo. Umeme wetu unatoka kwenye grupe, injini inayokunywa mazutu, yaani dizeli, iliyo katika kibanda nyuma ya ofisi. Mwenye kuitunza ni Papa Kasongo, fundi mstaafu wa reli. Mazutu ni ya kubembeleza siku hizi, kwa hiyo grupe inanguruma kutoka ibada ya asubuhi inapokwisha hadi kengele ya mchana, basi. Kengele ikilia, Papa Kasongo anazima, hata kama askofu yuko katikati ya sentensi. Watu walipozidi kumiminika mwezi wa saba, nikaona sitamaliza orodha kabla ya kengele. Kompyuta ilikuwa na uvivu wake.

Ndani ya kompyuta kuna sahani kubwa ya umeme ambayo mafundi wanaiita kadi mama, maana vingine vyote vinanyonya kwake. Juu yake amekaa prosesa, yule anayefanya kazi yote ya kufikiri. Karibu yake kuna vijiti vya chuma vyenye vikofia vya plastiki, vidogo kama punje ya mahindi. Ukihamisha kikofia kutoka kijiti hiki hadi kile, prosesa anaambiwa akimbie kuliko alivyoandikiwa na waliomtengeneza. Nilikuwa nimeona vijana wa mjini wakimwomba fundi Lwamba awafanyie hivyo. Alikuwa akiwafukuza. Mimi nilikihamisha kile kikofia.

Orodha ikaanza kumalizika mapema. Pasta mkuu akasimama nyuma ya kiti changu akaona majina yanavyojipanga, akasema, "Odette, weye uko ingeniere kabisa." Nilicheka kama sikusikia, lakini nilisikia vizuri sana. Ilikuwa kiangazi, majira yetu ya baridi; unakumbuka Kamina mwezi wa saba, asubuhi tunavaa makoti ofisini. Kompyuta ilikimbia na haikuanguka hata mara moja.

Joto la mwezi wa tisa likaja. Ofisi yetu ina bati na haina dari. Kompyuta ikaanza kuganda: skrini inasimama, mshale hausogei, unabonyeza hili na lile hakuna jibu, mpaka uizime kwa nguvu na kuanza upya. Mbaya zaidi, ikiganda wakati inahifadhi orodha, sehemu ya majina inapotea. Nilikuwa naandika upya yale niliyokumbuka kwamba yamepotea, natoa karatasi haraka kabla ya kengele, pasta anapiga muhuri. Sikuwa nalinganisha na daftari. Niliiamini mashine, na kuliko mashine, nilijiamini mimi.

Hivyo ndivyo lilivyopotea jina la Mama Numbi.

Huyu ni mama wa makamo kutoka kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Malemba-Nkulu. Alifika na watoto watano, wawili wa kwake na watatu wa marehemu dada yake. Hasemi sana. Siku ya mgao alipanga foleni tangu asubuhi na gunia lake limekunjwa kwapani, akafika mbele, mgawaji akatazama P hadi M, M hadi P, akamwambia apishe. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Uliandika jina yangu mu kaye," akasema. "Nilikuona na macho yangu. Sasa iko wapi?"

Nikafungua daftari. Jina lake lilikuwapo, kwa mwandiko wangu. Kwenye karatasi ya printa halikuwapo.

"Mashini njo ilikosa, Mama," nikamwambia. "Nitaandika tena. Mara ingine utapata."

Akatazama daftari, akatazama karatasi, akaondoka. Na unaona shida iliyopo hapo, Yaya. Mtu aliyeona jina lake kwenye daftari halafu akalikosa kwenye karatasi atafikiri nini? Atafikiri kuna mkono ulilitoa katikati. Kama ningekuwa yeye, ningefikiri hivyohivyo.

Nikaanza kuutafuta ugonjwa wa ile kompyuta kwa utaratibu wa fundi Lwamba: badilisha kitu kimoja, kimoja tu, kisha ngoja uone. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimeponya. Nilichukua kipande cha katoni, kila ikiganda naweka alama na kuandika nilichokuwa nimebadilisha. Nilianza na umeme. Papa Kasongo alikasirika.

"Grupe yangu haiko na shida," akasema. "Angalia ile mashini yako yenye kulala mu nguo."

Akapima umeme mbele yangu na kipimo chake cha zamani cha reli, na kweli ulikuwa umetulia. Lakini ile ya kulala katika nguo ilinigusa. Mama wa kanisa walikuwa wamefuma kitambaa cheupe chenye maua, kizuri kweli, wakaivika kompyuta mgongoni na ubavuni ili isiingie vumbi, kama tunavyofunika redio na televisheni kwetu. Walikuwa wamekifuma kwa wiki tatu. Nilikwenda kwa mke wa pasta, mwenyekiti wao, nikapiga magoti kidogo, nikamweleza kwamba mashine inapumulia mgongoni na tumeiziba pua. Kisha akasema, "Basi tuvalishe meza." Sasa kitambaa kiko mezani, chini ya kompyuta, na heshima ya wamama imebaki.

Ikawa nafuu kidogo. Badala ya kuganda kila asubuhi, ikawa asubuhi mbili katika kila tatu. Nikachomoa kadi za kumbukumbu, nikasafisha meno yake kwa kifutio cha shule, nikazirudisha. Hakuna tofauti. Nikatafuta virusi, hakuna. Pasta mkuu alipita, akasema labda mashine nayo ina malaria, akaicheka peke yake, akaenda.

Yaya, hapa sasa ndipo ninapotaka usome polepole. Nilijua. Tangu siku ya pili ya kuganda, kitu ndani yangu kilisema: kile kikofia. Nikakiacha kikae cha mwisho kwenye katoni yangu, nyuma ya grupe, nyuma ya kitambaa, nyuma ya virusi, kwa sababu kama kosa ni kikofia, basi kosa ni langu. Na katika siku hizo nilizokuwa nikijikwepa, mgao wa pili ukafika. Jina la Mama Numbi nililiandika upya, nililiona kwenye skrini kwa macho yangu. Kompyuta ikaganda wakati wa kupanga alfabeti, nikaiwasha, orodha ikaonekana nzima, kengele ilikuwa karibu, nikatoa karatasi.

Hakuwapo tena.

Safari hii hakuja peke yake. Walikuja wengi, wakasimama uani. Alikuwa amevaa kipande cha kitambaa cha kawaida, si kitenge kile cha bluu alichofika nacho Kamina, na nikaelewa kwamba kitenge kimeuzwa kikawa mihogo. Hakupaza sauti.

"Mashini yako inachagulaka bantu?" akaniuliza.

Mtu nyuma yake akasema, "Banauzisha majina, bote tunajua," na wengine wakaitikia. Nadhani hilo ndilo neno lililopanda ndege likafika mpaka kwenu Katuba. Mke wa pasta akampa Mama Numbi unga kutoka jikoni kwake, akaupokea, lakini unga wa kupewa jikoni na unga wa haki yako si unga mmoja. Niliingia ofisini nikafunga mlango. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Kesho yake, grupe ilipoanza tu, nilifungua kompyuta nikakirudisha kile kikofia mahali pake. Prosesa akarudi kutembea mwendo wake. Asubuhi nne mfululizo nilipanga orodha yote kwa alfabeti, nikaivuruga, nikaipanga tena, mara nyingi mpaka vidole vikauma. Iliganda mara mbili tu. Mwingine angesema yatosha. Mimi nikasema mara mbili ni Mama Numbi wawili.

Basi nikabaki na jambo moja ambalo nilikuwa nikiliona kila asubuhi bila kulitilia maanani. Kompyuta ikiwaka, kabla ya kitu kingine, huandika juu ya skrini jina la prosesa wake. Yetu iliandika kwamba haimjui. Kuna programu ndogo imefungiwa ndani ya kadi mama, inaitwa biosi. Ndiyo inayoamka kwanza na kuwagawia wengine umeme na mwendo. Ya kwetu ilikuwa ya zamani kuliko prosesa. Ilikuwa kama mwenye nyumba anayempikia mgeni bila kujua anakula nini: mara inampa kidogo, mara inampa kingi, na siku ya joto mgeni anaanguka. Dawa yake ni biosi mpya, inayokuja kwenye disketi.

Ndiyo ile disketi, Yaya. Ulipoitwa kwenye foni ukasikia nakutajia herufi na namba, nenda nazo kwa fundi Lwamba, zilikuwa namba za kadi mama. Bila hizo angetuma biosi ya kadi nyingine, nayo ingeiua yetu papo hapo. Wewe ulinirudishia herufi moja moja kwa sauti ya mwalimu, nikajivunia. Tulichosahau sote wawili ni kwamba hii ni vita. Siku iliyofuata adjida mmoja wa kambi ya jeshi, mtu wa Mbandaka, ambaye mkewe anauza mikate sokoni, alifika ofisini na askari wawili. Alikuwa na karatasi yenye herufi zetu zote, zilizonaswa redioni na kudhaniwa ni lugha ya siri.

"Hii kodi ni ya nani?" akauliza.

Nikamwonyesha kiti. Nikafungua kompyuta mbele yake, nikamulika kadi mama kwa tochi, nikamwambia asome mwenyewe. Aliinama mpaka kofia ikagusa meza, akalinganisha herufi kwa herufi na karatasi yake, akarudia mara ya pili. Askari wake mmoja akataka kugusa feni ndogo ya prosesa, nikampiga kofi mkononi kabla sijakumbuka ana bunduki. Adjida akakunja karatasi.

"Sawa," akasema. "Ukiwa na namba ingine ya kusema ku foni, pita kwanza kwetu."

Disketi ikafika wiki iliyofuata, na nakushukuru sana, ila ni nani alikwambia kuifunga pamoja na samaki wakavu? Samaki tulikula na mke wa pasta, walikuwa wazuri. Disketi inanuka mpaka leo.

Sasa kubadilisha biosi kuna hatari moja. Kwa dakika moja hivi, biosi ya zamani inafutwa na mpya haijaandikwa yote. Umeme ukikatika hapo, kadi mama inakufa na hakuna wa kuifufua Kamina nzima. Nilikwenda kwa Papa Kasongo nikamwomba asizime grupe mpaka nimwite mwenyewe. Akakubali. Tukapima mazutu, yalitosha.

Asubuhi hiyo Mama Numbi alikuja kuuliza kama mgao wa tatu umepangiwa siku. Nikamwambia, "Ikala hapa, Mama. Uone na macho yako." Akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, akitazama skrini kama anayetazama sufuria ya mtu asiyemwamini.

Disketi ilikataa kusomeka mara ya kwanza, na ya pili. Niliifuta, nikaipuliza, ikakubali wakati asubuhi ilikuwa imekwisha kuliwa. Niliandika amri, nikahifadhi biosi ya zamani pembeni, programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Vijisanduku vyeupe vikaanza kujipanga kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, na maandishi yakionya usizime.

Hapo kengele ya mchana ikalia.

Papa Kasongo ana miaka mingi ya kuzima injini kwa kengele. Mkono wake haumngoji yeye mwenyewe. Nilimwona dirishani akiinuka kwenye kigoda chake na kuelekea kibandani, na ahadi yetu haimo hata usoni mwake. Sikuweza kuacha kibodi. Niliita, grupe ikaimeza sauti yangu. Mama Numbi ndiye aliyeinuka. Sikumwambia kitu, naapa. Alikuwa amesikia tulipokuwa tukipima mazutu. Akatoka kwa mwendo wa haraka, akasimama katikati ya mlango wa kibanda, akaweka mikono yote miwili kwenye miimo.

"Papa, jina yangu iko mule," alimwambia. "Hauzimi."

Papa Kasongo ananisimulia mpaka leo kwamba angeweza kumsogeza, ila macho ya Mama Numbi yalimzuia. Vijisanduku vikafika mwisho. Nikawasha kompyuta upya. Skrini ikabaki nyeusi, nikahesabu pumzi zangu, nikafika tisa. Kisha ikapiga mlio mmoja, na juu kabisa ya skrini, kwa mara ya kwanza tangu sanduku lifunguliwe, likatokea jina la prosesa, kamili, na mwendo wake wa kweli. Nililia, Yaya. Nikaingia kwenye mipangilio ya biosi, nikachagua kila mahali ile ya taratibu na salama, mwendo wa kumbukumbu nikaushusha pia, nikahifadhi, ndipo nikaenda mlangoni nikamwambia Papa Kasongo sasa anaweza.

Nimeijaribu kwa juma zima, siku nyingine jua likichoma bati kweli. Haijaganda hata mara moja. Ni ya polepole, siku nyingine nalazimika kuigawa orodha katika asubuhi mbili, na hilo halinisumbui tena. Mashine hiyo imepona na nimeiponya mimi, sitajifanya mnyenyekevu hapo.

Lakini mashine kupona hakukutosha. Siku ya mgao wa tatu nilimwomba pasta mkuu ruhusa ya kusema kabla ya wagawaji kuanza. Alisita, akasema si lazima, watu watasahau. Nikamwambia mimi sitasahau. Nikasimama mbele ya foleni kwenye hangari, karatasi mkononi na daftari kwapani.

"Bamama na bapapa," nikasema, "jina ya muntu sikuuzisha hata moja. Lakini bile majina bilipotea, kosa ni yangu. Nilitaka mashini ikimbie, njo nikaiharibu. Nilijua, nikanyamaza. Mama Numbi alikosa chakula mara mbili juu yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Mama Numbi alikuwa mbele.

"Kwanza ulisema kosa ni ya mashini," akasema. "Leo unasema ni yako. Sawa. Soma."

Nikasoma orodha yote kwa sauti, na mwalimu mmoja wa wakimbizi akafuata kwa kidole kwenye daftari, jina kwa jina. Nilipofika kwake alisema, "Soma tena," nikasoma tena, akaitikia jina lake kama anavyoitikia mtu aliyeitwa kwa mbali. Alipokea unga, maharage na mafuta. Hakunishukuru, na ingeniumiza kama angenishukuru. Tangu siku hiyo hakuna karatasi inayopigwa muhuri kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wenyewe. Pasta ameifanya kuwa sheria ya ofisi.

Nisalimie shemeji, mume wako, umwambie bisibisi aliyoniazima sijaipoteza. Nisalimie mjomba fundi wa reli na shangazi wa sokoni. Fundi Lwamba mwambie alikuwa na haki ya kuwafukuza wale vijana, na mimi angenifukuza pia. Wabusu wanao, hasa yule mdogo ambaye sijamwona bado. Mama umsomee barua hii yote, usiruke pale nilipokosa. Akiulizwa mlangoni mwa kanisa kama binti yake aliuza majina, ajibu hapana. Akiulizwa kama alikosa, ajibu ndiyo.

Na kuhusu ile nafasi kwenye ndege. Juzi nilimwambia Mama Numbi kwamba kwetu wananiita nirudi. Alikuwa anapepeta unga. Hakuniambia nibaki, hakuniambia niende. Aliuliza tu, "Na orodha ikitoka, nani atasoma?" Nilifikiria usiku na mchana, sikupata jina la mtu. Wapo wanaoweza kusoma, Yaya, ila hakuna mwingine anayejua jinsi jina linavyopotea. Kwa hiyo mwambie rubani asante, nafasi hiyo ampe mgonjwa.

Ni mimi mdogo wako Odette, niliyemnyima Mama Numbi chakula mara mbili, na ambaye Jumanne, siku ya mgao, nitamsomea tena jina lake.